Kifurushi cha chanzo kikigoma: mwongozo wa kukijenga kwa apt bila kubahatisha

Meli ya MV Liemba haikufika Kigoma ikielea. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye makasha. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakapandishwa treni ya reli ya kati, iliyokuwa imefika hapa kwetu mwaka 1914. Mafundi wakaiunga upya na kuishusha ziwani Februari 1915. Mtu akiniuliza kifurushi cha chanzo (msimbo wa programu kabla haujajengwa) ni kitu gani, humwambia habari za meli hiyo. Apt ni chombo cha Ubuntu na Debian cha kuleta programu. Unapoandika `apt install` unaletewa meli iliyokwisha kuundwa, kazi yako ni kupanda. Ukiandika `apt source` unaletewa makasha: vipande, maelezo ya kuviunga, na orodha ya vifaa ambavyo fundi lazima awe navyo kabla hajaanza.

Ndiyo maana kifurushi cha chanzo kinaweza kukwama sehemu nyingi. Makasha yanaweza yasifike. Yanaweza kufika pungufu. Fundi anaweza kukosa nyundo. Umeme unaweza kukatika meli ikiwa nusu. Dawa ya kila tatizo ni tofauti, na hasara kubwa ninayoiona kwa vijana wanaojifunza Linux hapa Mwanga, Kigoma, ni kutibu hatua ya nne wakati ugonjwa uko hatua ya kwanza.

Mifano yangu ni ya Ubuntu 22.04 na 24.04. Debian haitofautiani sana, na pale inapotofautiana nitasema.

Andaa mahali pa kazi

Usijengee kwenye Desktop, wala kwenye flashi. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao haujui viungo vya faili wala ruhusa za Linux. Utaona `Cannot create symlink` au `Operation not permitted` na kudhani kifurushi ni kibovu. Flashi ni nzuri kwa kubebea makasha yakiwa yamefungwa. Kuyafungulia, tumia diski ya kompyuta.

```
mkdir -p ~/ujenzi
cd ~/ujenzi
df -h .
free -h
export LC_ALL=C.UTF-8
```

Mstari wa mwisho unaifanya mashine iandike ujumbe wake kwa maneno yale yale yanayotumika duniani kote, ili ukitafuta msaada uyapate yalivyo. `df -h` inakuonyesha nafasi ya diski. Mradi mkubwa unaweza kumeza gigabaiti kadhaa, na ujumbe wa `No space left on device` una tabia ya kuja saa ya tatu ya ujenzi, si dakika ya tatu.

Kama hujawahi kujenga, anza na kifurushi kiitwacho `hello`. Kazi yake ni kuandika salamu moja tu kwenye terminali. Ni kidogo, hakili bando, na kinapitia hatua zote ambazo kifurushi kikubwa kinapitia. `hello` ikijengeka, unajua zana zako ni nzima. Ikikataa, umejua kwa gharama ndogo.

Tazama saa kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili halifanani na lilivyo.

Kijana mmoja wa Ujiji aliniletea kompyuta ya mezani ambayo alikuwa ameihangaikia siku tatu.

"Shikamoo kaka. Hii mashine kila nikipakua chanzo inaniandikia 404."

"Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya hiyo 404 iliandika nini?"

"Yamepita mengi, kaka. Nimesoma hapa mwisho."

Tukarudia mwanzo pamoja, `sudo apt update`, tukisoma mstari kwa mstari. Juu kabisa, kabla ya mengine yote, palikuwa na hili:

```
E: Release file for http://security.ubuntu.com/ubuntu/dists/jammy-security/InRelease
is not valid yet (invalid for another 3h 41min 12s).
Updates for this repository will not be applied.
```

Maana yake: orodha ya ghala imesainiwa kwa saa ambayo kwa mashine hii bado haijafika. Apt ikaikataa orodha mpya, ikabaki na ya zamani. Orodha ya zamani ikaelekeza kwenye toleo ambalo ghala limekwisha liondoa na kuweka jipya. Ndipo 404, yaani faili halipo, ikaja. Kijana alikuwa akibadilisha anwani za seva siku tatu, na seva hazikuwa na kosa lolote.

Saa ilikuwaje nyuma? Betri ndogo ya ubao mama, ile CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika tarehe ilipotea na yeye akaiweka kwa mkono. Siku ile ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, akaandika 04:20. Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Saa nne asubuhi kwake ni 10:00. Mashine ikawa saa sita nyuma. Nimeliona jambo hili zaidi ya mara moja, na kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili ni rahisi kabisa kutokea.

Hivyo kabla ya kugusa kitu chochote:

```
timedatectl
```

Hakikisha eneo la saa ni `Africa/Dar_es_Salaam` na saa ya hapo ni sahihi. Kama una intaneti, iache mashine ijirekebishe yenyewe:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true
```

Kama intaneti haipo, weka kwa mkono, ukikumbuka kuongeza sita kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kumi na nane kuanzia saa moja hadi saa tano usiku:

```
sudo date -s "2025-03-14 10:20:00"
sudo hwclock --systohc
```

Kisha nunua betri. Saa mbovu haiishii kwenye apt: wakati wa kujenga, `make` hulinganisha muda wa faili ili ijue kipi kimebadilika, na saa ikirukaruka itakuandikia `Clock skew detected. Your build may be incomplete.` Onyo hilo ukiliona, usiendelee. Rekebisha saa, futa folda, fungua upya.

Washa mlango wa chanzo

Ubuntu huja ikiwa imefunga ghala la chanzo, kwa sababu watu wengi hawalihitaji. Dalili ni hii:

```
E: You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list
```

Kwenye 24.04 orodha imehamia faili jipya. Fungua mlango hivi:

```
sudo sed -i 's/^Types: deb$/Types: deb deb-src/' /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources
sudo apt update
```

Kwenye 22.04, ambako mistari ya chanzo ipo ila imewekewa alama ya kuzimwa:

```
sudo sed -i 's/^# deb-src/deb-src/' /etc/apt/sources.list
sudo apt update
```

Watumiaji wa Debian waangalie kama mistari ya `deb-src` ipo tayari. Mara nyingi ipo.

Jambo moja ninaliomba kwa msisitizo. Mistari ya chanzo iwe ya toleo lile lile la mfumo ulio nao. Usichukue `deb-src` ya toleo la mbele kwa sababu umesikia programu ni mpya zaidi huko. Chanzo cha mbele kinadai maktaba za mbele, maktaba za mbele zinadai nyingine, na baada ya robo saa apt inakuomba ibadilishe nusu ya mfumo.

Na kama mfumo wako ni toleo ambalo muda wake wa kuhudumiwa umekwisha, 404 zitakuwa kila mahali hata saa ikiwa sawa. Matoleo ya kale ya Ubuntu huhamishiwa `old-releases.ubuntu.com`, ya Debian `archive.debian.org`. Unaweza kuelekeza orodha huko ukapata chanzo, lakini marekebisho ya usalama hayaji tena. Kwa kompyuta ya dukani yenye kazi za wateja mimi nisingefanya hivyo, ningepandisha mfumo.

Pakua makasha, bila sudo

```
sudo apt-get install build-essential fakeroot
cd ~/ujenzi
apt-get source hello
```

Amri ya `source` haihitaji sudo. Ukiiweka, faili zote zitakuwa za root, msimamizi mkuu wa mfumo, na baadaye utakataliwa kuandika ndani ya folda yako mwenyewe. Aliyekwisha kosea hapo arudishe umiliki kwa `sudo chown -R $USER: ~/ujenzi` na kuendelea.

Utapata faili tatu na folda moja. Faili la `.dsc` ni hati ya mzigo: linataja yaliyomo na alama za kuyahakiki. Lenye neno `orig` ni kazi ya mwandishi wa programu kama alivyoitoa. Lenye neno `debian` ni mchango wa watunza vifurushi: viraka na maelezo ya ujenzi. Folda ndiyo makasha yaliyofunguliwa.

Ukiomba `libssl3` ukaona apt inasema imechagua `openssl`, usishtuke. Chanzo kimoja huzaa vifurushi vingi, na jina la mama si lazima lifanane na la mtoto.

Ukiona `dpkg-source: not found`, hukusakinisha `build-essential`. Ukiona onyo kwamba saini ya `.dsc` haikuweza kuhakikiwa kwa kukosa ufunguo, na faili umelipata kwa apt yenyewe, endelea. Apt imekwisha kulinganisha alama zake na orodha iliyosainiwa. Kama `.dsc` umeitoa kwingine, kwa mfano kwenye flashi ya mtu, hapo onyo hilo lichukue kwa uzito wake.

`Hash Sum mismatch` ni mzigo uliofika tofauti na hati. Kwa mtandao wa hotspoti unaopanda na kushuka, hutokea. Futa orodha na uvute upya:

```
sudo apt-get clean
sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update
```

Orodha hizo zote zitashuka tena kutoka mwanzo na zinakula makumi ya megabaiti, kwa hiyo subiri bando la usiku kama huna haraka.

Kwa wanaohudumia kompyuta zisizo na intaneti kabisa, labda shule ya vijiji vya ziwani ambako unafika kwa boti kutoka Kibirizi, kuna njia safi:

```
apt-get source --print-uris hello
```

Inakuandikia anwani kamili za faili, ukubwa na alama zake. Zipakue mjini, zibebe kwenye flashi, na ukifika zinakili kwenye diski kisha uzifungue:

```
dpkg-source -x hello_*.dsc
```

Kusanya vifaa vya fundi

```
sudo apt-get build-dep -s hello
sudo apt-get build-dep hello
```

Ya kwanza ni mazoezi tu: inataja vitakavyosakinishwa bila kugusa chochote. Kwa kifurushi kikubwa, endesha ya pili na usubiri inapotaja ukubwa wa mzigo. Ukiona mamia ya megabaiti na bando halitoshi, jibu `n`. Nimeandika `apt-get` na si `apt` kwa makusudi: `apt` hufuta faili zilizopakuliwa baada ya kusakinisha, `apt-get` huziacha ndani ya `/var/cache/apt/archives`, nawe unaweza kuzipeleka kwenye kompyuta nyingine ya toleo lile lile bila kununua bando mara mbili.

Apt ikisema imeshindwa kupata kufuli ya `/var/lib/dpkg/lock-frontend` na kutaja `unattended-upgr`, mfumo unajisasisha. Ngoja. Kufuta faili la kufuli kwa nguvu ni kuwaruhusu mafundi wawili wapigilie msumari mmoja kwa wakati mmoja, na hifadhidata ya vifurushi ikiharibika utapoteza siku nzima.

Sasa kosa ambalo hugharimu watu muda kuliko mengine katika hatua hii:

```
The following packages have unmet dependencies:
 libc6-dev : Depends: libc6 (= 2.35-0ubuntu3) but 2.35-0ubuntu3.1 is to be installed
E: Unable to correct problems, you have held broken packages.
```

Mstari wa mwisho unakupeleka pabaya. Unasema kuna vifurushi vilivyoshikiliwa, mtu anaendesha `apt-mark showhold`, haoni kitu, anachanganyikiwa. Soma mstari wa juu yake. Kifurushi cha `-dev` kinachopatikana kwenye ghala lako kinataka maktaba ya toleo hasa, herufi kwa herufi, na mashine yako tayari ina maktaba mpya kidogo. Maktaba hiyo mpya ilitoka wapi? Kwenye ghala la masasisho, ambalo wakati fulani lilikuwa wazi, kisha mtu akalizima ili kuokoa bando. Makasha yakabaki ya juzi, meli ikawa ya leo.

Thibitisha:

```
apt-cache policy libc6 libc6-dev
```

Ukiona toleo lililosakinishwa halina ghala lolote chini yake isipokuwa `/var/lib/dpkg/status`, umepata chanzo cha ugonjwa. Rudisha ghala la `jammy-updates` na `jammy-security` (jammy ni jina la 22.04) kwenye orodha, `sudo apt update`, jaribu tena. Usishushe `libc6` kwa nguvu. Karibu kila programu kwenye mfumo inaitegemea.

Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha vifaa hivi, ukirudi utaambiwa `dpkg was interrupted`. Ujumbe huo una dawa yake ndani:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt-get -f install
```

Jenga, na uandike logi

```
cd ~/ujenzi/hello-*/
dpkg-buildpackage -us -uc -b 2>&1 | tee ../ujenzi.log
```

`-us -uc` zinasema usitie saini, kwa kuwa unajijengea mwenyewe. `-b` inasema jenga kifurushi cha kusakinisha tu, usifunge tena makasha; ndiyo inayokuepusha na kosa la `unexpected upstream changes` baada ya kubadilisha kitu ndani ya chanzo. `tee` inahifadhi kila mstari kwenye faili huku ukiendelea kuona.

Ikikataa kwa kudai `fakeroot` haipo, isakinishe. Ujumbe wenyewe unakupa pia chaguo la kuendesha kama root, lisikuvutie. Maelezo ya ujenzi ni programu kamili, na yakiwa na kasoro huku yana mamlaka ya root, yanaweza kuandika popote.

Ujenzi ukianguka, mwisho utaona mstari unaofanana na huu:

```
dpkg-buildpackage: error: debian/rules binary subprocess returned exit status 2
```

Mstari huu hauna habari. Unasema tu kwamba kuna jambo limeharibika huko juu. Hata `make: *** ... Error 2` hauna habari. Panda juu:

```
grep -n -m5 -iE 'error:|killed|no space left' ../ujenzi.log
```

Hii inakupa mistari mitano ya kwanza yenye malalamiko, na namba zake. Fungua logi kwenye namba ya kwanza, usome mistari kumi kabla yake. Kama prosesa zote zilikuwa zikifanya kazi pamoja na mistari imechanganyikana, jenga upya kwa `-j1` ili kazi zifuatane moja baada ya nyingine. Itachelewa, lakini utasoma kinachoeleweka.

Ukikuta `fatal error: zlib.h: No such file or directory`, au faili lingine lenye kuishia na `.h`, kuna kifurushi cha `-dev` kinakosekana. Ukiwa umefanya `build-dep` vizuri halitokei, ila umebadilisha chanzo au umechukua toleo jingine. Mtafute mwenye faili:

```
sudo apt-get install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search zlib.h
```

Ukikuta neno `Killed`, na mara nyingi linafuatana na `cc1plus`, kikompaili hakijakosea. RAM imeisha na kernel, kiini cha mfumo, imemuua aliyekuwa anakula kuliko wote. Hakikisha kwa `sudo dmesg | grep -i 'out of memory'`. Kwa mashine za GB 2 au 4, ambazo ndizo ninazoletewa, fanya mambo mawili. Kwanza `-j1`, kwa sababu kila kazi ya ziada ni sahani nyingine mezani. Pili, ongeza swapu, nafasi ya diski inayoisaidia RAM:

```
sudo fallocate -l 2G /swapu-ya-ujenzi
sudo chmod 600 /swapu-ya-ujenzi
sudo mkswap /swapu-ya-ujenzi
sudo swapon /swapu-ya-ujenzi
```

Nimelipa faili jina lake lenyewe kwa sababu Ubuntu nyingi zina `/swapfile` inayotumika tayari, na hutaki kuandika juu yake. Ukimaliza ujenzi, `sudo swapoff` na ulifute. Funga pia kivinjari wakati unajenga; kurasa kumi zilizofunguliwa zinaweza kuwa ndizo zilizomaliza RAM.

Kisha umeme. Ukikatika katikati ya ujenzi, silika ni kuendelea pale ulipoachia, na `dpkg-buildpackage` inaruhusu kwa chaguo la `-nc`, yaani usisafishe. Kwa mradi wa saa nne ni neema. Lakini faili zilizokuwa zikiandikwa dakika ile zinaweza kubaki tupu au nusu, na `make` ikiziona zipo inadhani ni nzima. Saa moja baadaye kiunganishi kinalia `file truncated` au `file format not recognized`, na wewe umesahau kabisa habari za umeme. Kabla ya kuendelea, ondoa zilizo tupu:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
dpkg-buildpackage -us -uc -b -nc 2>&1 | tee -a ../ujenzi.log
```

Bado inalia? Futa folda yote, `dpkg-source -x` upya, anza mwanzo. Makasha yako salama kwenye diski, hayakuli bando tena. Kwa miradi mirefu mimi husubiri laptopu iwe imejaa chaji ndipo nianze.

Baada ya kukompaili, vifurushi vingi hujipima. `hello` kwa mfano hupima kama inaandika kweli `Hello, world!`. Ukibadilisha salamu hiyo iwe ya Kigoma, jaribio litaanguka, na lina haki: umebadilisha kitu ambacho liliwekwa kulinda. Ukiwa na hakika kwamba sababu ni badiliko lako, ruka majaribio:

```
DEB_BUILD_OPTIONS=nocheck dpkg-buildpackage -us -uc -b
```

Lakini kama hukubadilisha chochote na majaribio yanaanguka, usiyaruke. Tazama saa, tazama diski, tazama RAM. Kitu fulani kwenye mashine yako kinatofautiana na mashine ya aliyekiandaa kifurushi, na ni heri ukijue sasa kuliko kitokee mteja akiwa amesimama mbele yako.

Sakinisha

Faili la `.deb`, yaani kifurushi ulichojenga, litakuwa kwenye folda ya juu.

```
cd ~/ujenzi
sudo apt install ./hello_*.deb
hello
```

Usisahau `./` hapo mwanzo. Bila hiyo apt inadhani unataja jina la kifurushi na kwenda kulitafuta ghalani. Wengi wamezoea `dpkg -i`. Inafanya kazi, ila haitafuti vinavyokosekana, inakuacha na `dependency problems - leaving unconfigured`. Kama umefika hapo, `sudo apt-get -f install` itamalizia.

Ukichanganua vizuri utagundua kwamba kifurushi chako kina namba ya toleo sawa na cha ghalani, na baadaye hutajua kipi ni kipi. Kama umebadilisha chanzo, kabla ya kujenga weka alama yako kwa `dch`, iliyomo kwenye kifurushi cha `devscripts`:

```
dch --local kigoma "Salamu ya Kigoma"
```

Toleo `2.10-3` litakuwa `2.10-3kigoma1`. Usiongeze alama ya `+` mbele ya jina. Katika kupanga matoleo, dpkg huiweka herufi chini ya alama, na herufi zenyewe kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo `kigoma` bila alama linabaki chini ya sasisho la usalama kama `2.10-3ubuntu0.1` au `2.10-3+deb12u1`, na sasisho likija litapita. Ungeandika `+kigoma`, kazi yako ingekaa juu ya marekebisho hayo na kuyazuia, bila wewe kujua. Jipimie mwenyewe:

```
dpkg --compare-versions 2.10-3kigoma1 lt 2.10-3ubuntu0.1 && echo ndiyo
```

Sasisho litakapopita, badiliko lako litaondoka nalo. Kama hutaki liondoke, shikilia kifurushi kwa `sudo apt-mark hold hello`, lakini tangu siku hiyo mlinzi wa kifurushi hicho ni wewe. Mimi kila Jumatatu asubuhi, kabla ya wateja, huendesha `apt-mark showhold`, kisha `apt-cache policy` kwa kila jina linalotoka. Nikiona ghalani kuna toleo jipya kuliko langu, navuta chanzo chake, naweka badiliko langu, najenga tena siku hiyo hiyo.